Swali la Mbegu

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, huko Bukavu, nilikuwa na watoto zaidi ya hamsini darasani. Siku moja niliandika ubaoni: mbegu huota kwa maji, hewa na joto. Binti mmoja akainua mkono. «Mwalimu, mbegu ikiangukia kichwa, inajuaje juu ni wapi?» Sikujua. Kwa kuogopa aibu nilimwamuru aketi na kunakili. Akaketi, na juma zima hakuinua mkono tena.

Kimya kile kilinisumbua. Nilileta maharagwe, chupa na karatasi zilizoloweshwa, nikakiri mbele ya wote kwamba jibu silijui, nikamwomba yeye aongoze jaribio. Watoto wakazipanga mbegu kila upande. Kila asubuhi walichungulia, wakabishana, wakachora. Hatimaye kila mzizi ulipinda kuelekea chini, hata ule ulioanza kwa kutazama juu. Baadaye nilisoma kwamba katika ncha ya mzizi mna punje ndogo za wanga ambazo huzama kwa uzito wake na kuuonyesha njia.

Maria Montessori, daktari aliyefungua Nyumba ya Watoto mjini Roma mwaka 1907, alijifunza kufundisha kwa kuwatazama watoto wakifanya kazi. Mimi nilifundishwa na binti mmoja.

Wapendwa vijana, mtoto anapowauliza msilolijua, msimnyamazishe. Semeni: «Sijui, tutazame pamoja.» Mimi nilichelewa juma zima kusema hivyo. Namshukuru binti yule, kwa maana aliinua mkono tena.