Matone Meusi Chini ya Celica

Huenda mtashangaa kukuta habari za injini katika kurasa mlizozoea kusoma malezi, mapishi na afya. Lakini gari likishaingia nyumbani hula katika chungu kimoja na watoto. Likiugua, ada ya shule ndiyo huguswa kwanza, na sisi ndio tunaoulizwa fedha zimekwenda wapi.

La kwetu ni Toyota Celica ya mwaka 1992, nyekundu, milango miwili, yenye taa za mbele zinazojificha na kufumbuka kama macho. Tuliachiwa na marehemu kaka yake Baba Neema, na kwa sababu hiyo neno "kuuza" halitajwi nyumbani kwetu. Hapa Moshi watu wa rika letu wakiiona hukumbuka Safari Rally, maana Celica za aina ya GT-Four zilishinda mbio hizo mwaka 1990, kisha mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ya kwetu si GT-Four. Haina turbo, na huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Injini yake ni 3S-FE ya lita 2, ile ile iliyofungwa katika Carina, Corona, Camry na RAV4 za mwanzo. Baba Neema hapendi tuliseme jambo hilo mbele ya wageni, lakini ndilo lililotusaidia, kama tutakavyoeleza.

Ilianza kwa harufu. Tukisimama kwenye taa za barabarani, ndani ya gari kulinuka kitu kinachoungua, na watoto wakaanza kulalamika kuumwa kichwa. Kisha tukaona matone meusi pale linapolala. Tulipopima oili, ilikuwa imeshuka hadi alama ya chini. Kwa injini nyingi za namna hii, kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita moja, kwa hiyo halikuwa jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Tukalipeleka kwa mzee mmoja tunayesali naye, mwenye gereji yake. Aliinama, akapitisha kidole chini ya injini, akakitazama, akasema ni sili ya nyuma ya krankishafti, ile iliyo kati ya injini na giaboksi. Giaboksi ishuke. Bei aliyoitaja ilikaribia ada ya Neema ya muhula mzima.

Hapo ndipo penye uzito, dada zetu. Kumwomba mtu mwingine aangalie kulionekana ni sawa na kumwita mzee mwongo, naye hukaa benchi la mbele yetu kila Jumapili. Tulilizungumza jioni mbili. Baba Neema aliona ni heri kulipa kuliko kuvunja undugu. Lakini katika kazi yetu ya uuguzi tumeona wagonjwa wengi wakiomba daktari wa pili aangalie kabla ya kupasuliwa, na daktari mzuri hakasiriki. Kusali pamoja kunaweza kutuonyesha moyo wa mtu. Hakutuonyeshi kama ametazama vya kutosha chini ya gari. Basi tukamwambia kwa heshima, "Shikamoo mzee. Tunaomba kwanza tuisafishe tuone inakotoka." Akajibu, "Kama hamniamini, semeni tu." Tulirudi nyumbani kimya.

Sasa hebu tueleze namna ya kumpima mgonjwa wa aina hii, maana si kazi ya kiume peke yake.

Jambo la kwanza ni kujua kinachotoka. Tandika kipande cha boksi jeupe au gazeti chini ya gari usiku kucha, ukiweka alama upande wa mbele. Asubuhi tazama rangi. Oili ya injini ni ya kahawia, na ikizeeka huwa nyeusi. Nyekundu kwa kawaida ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Kijani au waridi yenye utelezi na harufu ya utamu ni maji ya rejeta yenye dawa, nayo ni sumu, watoto na paka wasiyaguse. Maji safi wakati wa joto hutoka kwenye kiyoyozi, hayana neno. Lakini ukiona majimaji ya manjano hafifu karibu na gurudumu, usiliendeshe gari hilo, kwa kuwa huenda ni mafuta ya breki.

Jambo la pili ndilo wengi hawalifuati. Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Mahali palipolowa chini kabisa mara nyingi sipo inapotoka. Ni kama damu iliyochuruzika hadi kwenye kiwiko; hatufungi bandeji kiwiko kabla ya kutazama bega. Kwa hiyo injini lazima isafishwe kwanza. Ikiwa imepoa kabisa, funika distribyuta na alteneta kwa mifuko ya plastiki, kisha sugua kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi. Mafundi wengine hutumia mafuta ya taa. Hayo yaachwe yakauke kabisa kabla ya kuwasha. Petroli kamwe! Sisi tuliowahi kufanya kazi wodi ya majeraha ya moto hatuhitaji kuelezwa sababu. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Ikishakauka, nyunyiza poda ya mtoto mahali unapopashuku, ukianzia juu. Endesha dakika kumi na tano, zima, fungua boneti utazame. Oili huacha njia nyeusi juu ya poda, nawe unaifuata kupanda hadi mwanzo wake. Gereji zenye vifaa huweka katika oili rangi inayong'aa kwenye taa maalumu, lakini poda haikutuangusha.

Njia yetu ilianzia juu sana, mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, ambao mafundi huuita tapeti kava. Hapo ilitiririkia kwenye eksozi iliyo moto, na ndiyo iliyonuka. Pa pili ni chini ya distribyuta, ambayo kwenye injini hii imefungwa ubavuni mwa silinda hedi, upande wa giaboksi. Oili ikitoka pale hushuka hadi kwenye maungio ya injini na giaboksi, ikaonekana kabisa kama sili ya nyuma imekwisha. Mzee hakudanganya. Kidole chake kiligusa mahali palipolowa kweli.

Tukahitaji fundi. Kwa gari la namna hii watu hukuambia utafute bingwa wa magari ya mashindano, naye atakutoza bei ya mashindano. Sisi tulikwenda kituo cha teksi tukauliza wenye Carina na Corona kuukuu ni nani huwafungulia injini. Dereva wa teksi hana fedha ya kuchezea, na gari likilala naye analala njaa. Watatu walitaja jina lile lile, la kijana mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko.

"Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Tukangoja swali la "baba yuko wapi?" ambalo sisi wanawake tumelizoea gereji. Hakuuliza. Aliuliza gari linapunguza oili kiasi gani kwa wiki, na kama eksozi inatoa moshi wa bluu, maana moshi wa bluu humaanisha oili inaungua ndani na si kuvuja. Tulipomwonyesha njia ya poda akacheka, kisha akaipitia yote mwenyewe kwa tochi. Kuhusu sili ya nyuma alisema, "Hiyo sijui, mama. Tuzibe ya juu, tuisafishe, mwendeshe wiki mbili, ndipo tujue." Tungemlipa kwa neno hilo la "sijui" peke yake.

Alifanya kazi mbele ya macho yetu. Boliti alizitia kwenye kopo. Kabla ya kuchomoa distribyuta aliweka alama ya rangi, ili irudi pale pale na moto wa plagi usiharibike. Akatoa oringi, kile kiringi chembamba cha mpira, kilikuwa kigumu kama kipande cha kifuu. Kipya hakikufika bei ya nusu kilo ya nyama. Gasketi ya juu aliifunga kwa kiasi, na silikoni akaipaka pembeni tu. Alituonyesha sababu: ikipakwa kwa wingi, inayobaki ndani hukatika, na inaweza kuziba chujio la pampu ya oili kule kwenye sampu. Mwisho akachomoa vali ndogo inayopitisha hewa ya ndani ya injini, akaitikisa. Ilikuwa imeganda. Hewa isipopata njia, presha hupanda na kusukuma oili kwenye kila sili, na gasketi mpya haidumu. Hapo tulimwelewa upesi, presha ni somo letu. Vifaa vya zamani alitukabidhi vyote ndani ya mfuko bila kuombwa.

Wiki mbili zilipita, maungio ya giaboksi yakabaki makavu, na harufu ikaisha. Ingekuwa sili ya nyuma kweli, tungekubali giaboksi ishuke, na tungebadili klachi siku hiyo hiyo, maana gharama kubwa ni ya kushusha.

Kwa mzee tulikwenda Jumamosi moja na sukari. Tulimweleza kilichopatikana, bila kumwambia kuwa alikosea, ingawa alijua. Alisema, "Basi vizuri," akabadilisha mazungumzo. Miezi kadhaa salamu zake zilikuwa fupi. Breki za basi la kanisa bado hutengeneza yeye, na hutengeneza vizuri. Sisi hupanda basi hilo bila wasiwasi.

Celica haijakauka kabisa. Sili ya mbele ya krankishafti, nyuma ya mkanda wa taiming, inatoa jasho kidogo, tone moja kwa siku mbili tatu. Kijana ameshauri tuiache hadi mkanda wenyewe utakapofikia kilomita zake 100,000, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ile ile. Sili mpya tumekwisha kuinunua, imo kabatini pamoja na oringi ya akiba. Neema hupima oili kila Jumamosi asubuhi kabla injini haijawashwa, na huandika katika daftari lenye tarehe, kama chati ya mgonjwa. Wiki iliyopita aliandika: "Imeshuka upana wa ukucha. Boksi lina tone moja."