Kutoka Darsa la Mirathi Hadi Kuandika Programu

Wazazi wengi wa hapa Lushoto huniuliza swali moja baada ya swala ya Ijumaa: "Ustadh, kijana wangu amemaliza kidato cha nne, anataka kuandika programu za kompyuta. Hiyo ni kazi, au ni kuchezea simu tu?" Huniuliza mimi kwa sababu wanajua kwamba katibu wao wa kamati ya msikiti, aliyesoma chuo cha Kiislamu na si chuo cha kompyuta, sasa anapata sehemu ya riziki yake kwa kazi hiyo. Jibu langu ni refu kidogo, nami nimeona ni heri niliandike ili familia nyingine zifaidike.

Nilianza nikiwa na umri wa miaka 31, baba wa watoto watatu, mwalimu wa madrasa mwenye posho ndogo. Nilichagua lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, nayo hupatikana bure. Masomo yake pia yamejaa kwenye intaneti bila malipo. Gharama yangu ilikuwa bando na usingizi. Kwa miezi kadhaa nilisoma kwenye simu baada ya Isha, lakini mafunzo yalipita kama ukungu wa Magamba, kwani mifano yake ilihusu michezo na maduka ya nchi nisizozijua. Mambo yalibadilika nilipochukua jambo nililolifahamu vyema tangu chuoni, nikaamua kuifundisha kompyuta: elimu ya mirathi.

Aliyesoma mirathi amekwisha kusoma nusu ya uandishi wa programu bila kujua. Programu ni hatua zilizopangwa kwa utaratibu, na mirathi nayo ina utaratibu usiovunjwa: gharama za mazishi, kisha deni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawiwe. Programu ni masharti, na mirathi ni masharti: mke hupata robo kama marehemu hakuacha mtoto, na hupata thumuni kama aliacha. Mama hupata sudusi au theluthi kutegemea waliopo. Mafungu ya warithi yamewekwa wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176.

Wala si ajabu elimu hizi mbili kukutana. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha Al-Jabr huko Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, katika karne ya tisa Miladia. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za wasia na mirathi. Na jina lake hilo, lilipogeuzwa kwa Kilatini, ndilo lililozaa neno algoriti, yaani hatua za kutatua jambo, ambalo kila mwandishi wa programu hulitumia leo. Kijana wa madrasa anayeingia fani hii haendi ugenini.

Kazi yenyewe ilinifundisha mengi. Ukiitaka Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa kompyuta huhifadhi namba kwa tarakimu 0 na 1 pekee, na baadhi ya desimali hazikai humo kwa ukamilifu. Haki ya mrithi haifai kuhesabiwa hivyo. Nikakuta kwamba Python ina zana ya kuhifadhi sehemu kama zilivyo, kiasi juu na asili chini, vilevile kama masheikh wetu walivyotufundisha kutafuta asili ya mas'ala: 2, 3, 4, 6, 8, 12 au 24.

Kisha nikaijaribu kwa ile mas'ala mashuhuri ya mimbari, ambayo imepokewa kuwa Imam Ali (R.A.) aliulizwa akiwa mimbarini: mke, baba, mama na mabinti wawili. Thumuni, sudusi mbili na theluthi mbili zikijumlishwa ni 27 juu ya 24. Kompyuta haishtuki mafungu yanapozidi mali. Ni lazima mtu aieleze kanuni ya auli, kwamba asili inapanda kutoka 24 hadi 27 na kila mrithi anapungukiwa kwa uwiano. Hapo nilielewa kwamba kompyuta ina utii bila busara, na busara inabaki kuwa amana ya anayeiandikia.

Siku moja familia ya jirani ilifika msikitini baada ya Alasiri. Mzee alikuwa ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na shamba linaloshuka kwa matuta hadi bondeni kwenye maji. Kaka mkubwa alisema kwamba kwa desturi shamba la bondeni ni la wanaume. Nilionyesha karatasi: mafungu 8, mjane fungu 1, kila binti fungu 1, kila mtoto wa kiume mafungu 2. Mjane akaitazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, fungu langu hilo ni matuta mangapi?"

Swali lile lilinifundisha zaidi ya masomo yote ya simu. Tuta la juu lenye mawe si sawa na tuta la bondeni linalootesha kabichi na karoti mwaka mzima, na hakuna kompyuta inayolijua hilo. Tukawaomba wazee wanaoijua ardhi wathaminishe kila kipande. Jumla ikawa shilingi 16,000,000, hivyo kila fungu ni 2,000,000. Nikaongeza katika programu sehemu ya thamani, nikachapisha maelezo ya kila hatua kwa Kiswahili chepesi, na karatasi ikaambatanishwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mabinti walipata vipande vyao, na kimojawapo kipo bondeni.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonifungulia mlango wa kazi. Mwenye shule moja aliiona, akaniomba daftari la ada la kompyuta. Nilifanya wiki tatu kwa shilingi 150,000. Wakafuata wapeleka mboga wa Soni waliotaka hesabu ya magunia yanayokwenda Kariakoo. Hakuna aliyeniuliza cheti. Waliomba kuona nilichokwisha kufanya. Kila kazi tuliiandikia mkataba na mashahidi, kwani aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuelekeza kuandika madeni.

Imewahi kunijia pia kazi ya kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira, kwa malipo ambayo sikuwahi kuyapata kwa miezi sita. Ada za watoto zilikuwa zinadaiwa. Nilimweleza mama watoto, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Zubeda, hawa watoto tumewasomesha kwa viazi mpaka leo." Sikuhitaji fatwa nyingine.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, jibu langu ni hili. Ndiyo, ni kazi, lakini haina miujiza. Anayemwahidi mwanao mamilioni kwa miezi mitatu anauza ahadi tu. Mimi ilinichukua miaka miwili kufikia malipo ya kwanza. Mwambie kijana, wa kiume au wa kike, ajifunze lugha moja tu kwanza, tena kila siku, hata kwa saa moja. Mwambie atafute tatizo analolijua: ratiba ya madrasa, michango ya msikiti, hesabu za duka la mjomba wake. Alimalize, alionyeshe, awasikilize watumiaji. Kompyuta mpakato iliyotumika itakuja baadaye; kwa kuanzia simu inatosha.

Nawe mzazi, mpe muda, na umuulize maswali. Swali la mama asiyejua kompyuta laweza kuwa ndilo somo analolihitaji zaidi.

Wabillahi tawfiiq.