Tundu la Jahazini na Swali la Binti

Darsa la vijana tunalolifanya hapa Pasiansi baada ya Swala ya Magharibi limekwama kwenye hadithi moja. Ni ile aliyoipokea Nu'man bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Bukhari, ya watu waliogawana nafasi jahazini. Wa chini wakataka kutoboa tundu upande wao, wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote.

Binti mmoja akauliza: "Ustadhi, na wale waliotoboa MV Bukoba je?"

Habari hiyo haihitaji kusimuliwa Mwanza, lakini vijana hawa hawakuwa wamezaliwa. Tarehe 21 Mei 1996, meli ile, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo huku imepakia kupita kiasi, ilipinduka ikikaribia kufika kwetu. Ikaelea kwa saa kadhaa, tumbo likiwa juu, na ndani wamo watu hai. Waokoaji wakalikata tumbo lile ili wawatoe. Hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Waliokufa ni mamia. Wengi wamelala pamoja makaburini Igoma.

Kijana mmoja akasema amali huzingatiwa kwa nia, basi hawana dhambi. Mwenzake akamkatiza: nia haikumtoa mtu majini. Wa tatu akaifunga kwa neno kadari.

Wapo wazazi walionishauri niyazime maswali ya namna hii, kwamba ni mlango wa shetani. Sikubaliani nao. Sayyidna Umar (r.a.), alipogeuza safari ya Sham kwa ajili ya tauni, aliulizwa na Abu Ubayda (r.a.), sahaba mkubwa, kama anaikimbia kadari ya Allah. Hakumnyamazisha. Alimjibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Kadari, basi, haikupata kuwa udhuru wa kuacha kuhesabu abiria.

Juu ya waokoaji niliwaeleza kuwa mafakihi hutenganisha dhambi na dhamana: anayetibu bila ya kuijua tiba huwajibika kwa madhara, hata kama alikusudia kheri. Ila mimi naona waokoaji wale tunawauliza mengi mno, na waliopakia meli tunawauliza machache. Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, nayo imejaza kupita kiasi. Wakafa zaidi ya watu 200.

Binti hakutosheka. "Na abiria aliyeona imejaa akapanda? Yeye ni wa juu au wa chini?" Kisha akasema kila asubuhi hupanda daladala ya kwenda mjini ikiwa imefurika, na akichelewa shuleni huadhibiwa.

Nilimwambia aanze kwa kumwambia konda, kwa sauti, kuwa gari limejaa. Akasema konda atamtukana. Wenzake wawili wanaopanda kituo hicho hicho wakasema watalisema pamoja naye, Jumatatu.