Mubirizi na Kidonge

Hapa Sonatubes, Kigali, mama mkubwa anachemsha majani ya mubirizi kila asubuhi. Ana sukari, na anasema ule uchungu unamaliza mafuta ya damu. Majani ni ya bure, tena yanamkumbusha Kivu. Vidonge akavisukuma pembeni.

Mimi sidharau miti. Metformini yenyewe ilianzia kwenye utafiti wa mmea uitwao galega; Ufaransa waliianza 1957. Lakini kidonge kimepimwa, kikombe cha mama hakina kipimo. Na kolesteroli haiumi: inaziba mishipa kimya kimya, mpaka kiharusi.

Tumeongea, amekubali. Vidonge vimerudi, munganga ameambiwa juu ya mubirizi, damu itapimwa mafuta. Na jioni ni maharage, mafuta kidogo. Maharage nayo ni mmea, na yanasaidia kushusha kolesteroli.