Siku Saba Kabla ya Trekta

Huku Nandi mvua ya mawe haiji asubuhi. Asubuhi ni jua kali. Mchana upepo wenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, ukakutana na ule wa mashariki juu ya miinuko yetu, na ikigonga saa tisa mawingu yamesimama, meusi kama masizi ya sufuria. Mabati yanaanza kulia. Dakika kumi na tano zinatosha.

Mimi ni afisa wa kilimo. Simu huingia kabla mawe hayajayeyuka, na swali ni lilelile: "Afisa, nilime upya?"

Miaka yangu ya mwanzo nilijibu haraka. Mahindi ya mzee mmoja yalikuwa hayajafika magotini, majani yamechanika kama nyuzi za katani. Nikamwambia alime. Akakopa pesa za trekta, mbegu na mbolea. Jirani yake hakuwa na pa kukopa, akaliacha shamba vilevile. Jirani alivuna vizuri. Mzee, aliyepanda upya msimu ukiwa umeshasonga, alipata magunia machache. Nilikwenda kumwomba radhi, akanipokea kwa heshima, lakini deni lilibaki lake.

Tangu hapo natembea na kisu. Namwomba mwenye shamba asubiri siku saba hadi kumi, kisha tunang'oa mimea michache huku na huku, tunapasua shina kwa urefu kuanzia mizizini. Mahindi yasiyofikisha majani sita, moyo wake, pale majani mapya yanapochipukia, bado umejificha chini ya udongo, mawe hayaufikii. Moyo ukiwa mweupe na mgumu, mmea uko hai, na mara nyingi utaona jani jipya likichomoza katikati ya matambara. Ukiwa wa kahawia, unabonyea kama ndizi iliyooza, umekufa. Mahindi machanga yaliyolazwa na upepo bila kuvunjika hujiinua yenyewe. Yaliyokatika shina hayarudi. Na yakipigwa wakati wa kutoa mbelewele, sina faraja: majani yale ndiyo yangejaza punje, na mengine hayataota.

Mchai haufi. Utachipua tena baada ya wiki kadhaa, ingawa kwa wiki hizo mama mwenye shamba hana jani la kupeleka kituo cha kununulia chai, na karo haisubiri. Ninachokihofia zaidi ni vidonda kwenye matawi. Kuvu huingia humo na kuozesha mti taratibu, hata mwenyewe akaja kustuka miaka imepita.

Wewe uliyepigwa jana, nakuomba: piga picha za shamba leo, kila upande, hasa kama una bima, maana mkaguzi akichelewa majani mapya yatakuwa yamefunika hasara. Usikope leo. Trekta liache kwanza. Siku ya saba ingia shambani na kisu, upasue shina.