Mto mfupi, mji unaofura na kiwanja cha mama mdogo

MSOMAJI wangu, kama na wewe una ndugu majuu utanielewa. Simu inalia saa nane za usiku, unaruka kitandani ukidhani kuna msiba, kumbe ni kaka yako ametoka kazini na huko kwake jua bado linawaka. Safari hii alikuwa na swali moja tu: "Ninunue au nisinunue?"

Alikuwa anazungumzia nyumba. Kaka huyu ni mtoto wa mama yangu mdogo, anabeba maboksi San Antonio, Texas, na alishachoka kulipa kodi ya watu. Nyumba aliyoitamani iko mji wa pili, New Braunfels, kama kilomita 50 ukipanda na barabara kuu namba 35 kuelekea Austin. Sharti la malipo ya kwanza lilikuwa zito. Nyumbani Dodoma, mama mdogo alikuwa na kiwanja Nkuhungu, tayari kukiuza. Familia ikaamua kwamba mimi, kwa kuwa nilikuwa na safari ya Marekani Julai hiyo ya 2019, nikaangalie kwanza.

Basi bwana, nikaenda. Na niseme kweli, mji ule ulinipumbaza.

Kwanza wenyewe ni wa Wajerumani. Si Wajerumani wa kutembea, la, wa kuanzisha. Machi 21, 1845, siku ya Ijumaa Kuu, walowezi walioletwa na mwana wa mfalme mmoja aitwaye Carl wa Solms-Braunfels walivuka mto na kuweka kambi. Bwana Carl alinunua ardhi kwa dola 1,111, akapanga kujenga ngome juu ya kilima na kuiita Sophienburg kwa jina la mchumba wake Sophie. Bibie hakuwahi kukanyaga Texas. Na Carl mwenyewe hakumaliza hata mwaka, akarudi kwao Ulaya kuoa, akawaacha wenzake na homa na njaa. Mwanamume akipenda, jamani! Kilima bado kinaitwa Sophienburg na sasa kuna makumbusho. Mimi mtu wa nchi iliyotawaliwa na Mjerumani, ambaye hata neno "shule" nimelipata kwake, nilijikuta nasoma vibao vya maduka ya Texas huku nacheka peke yangu.

Kila Novemba wana sherehe ya soseji, Wurstfest, siku kumi za kula, bia na muziki wa kodiani. Pembeni kidogo kuna Gruene, kijiji kilichomezwa na mji, chenye ukumbi wa dansi wa mbao wa mwaka 1878, Gruene Hall. Kama uliona filamu ya John Travolta iitwayo Michael, ya 1996, ile dansi ilichezwa humo. Na kando ya barabara kuu kuna kituo cha mafuta cha Buc-ee's chenye pampu 120, ambacho vyoo vyake vilishinda tuzo ya choo bora Marekani mwaka 2012. Niliingia makusudi. Haki ya Mungu, kuna gesti nimelala hapa Bongo hazifikii choo kile.

Lakini mji wenyewe ni mto. Unaitwa Comal, neno la Kihispania la kile kikaango bapa cha kuchomea mikate, kama chetu cha chapati. Una urefu wa kilomita nne tu. Unazaliwa mjini, kwenye chemchemi za bustani ya Landa Park, unapita mjini, na unafia mjini humo humo ukiingia mto Guadalupe. Maji yanatoka kwenye mwamba yakiwa angavu, ya nyuzi 23 hivi kiangazi na masika, unaona kokoto na samaki chini. Mimi nimekulia kwenye foleni ya madumu. Nilichuchumaa pale nikatia mkono, nikasahau kuutoa.

Raha ya vijana wa pale ni kukodi tyubu, zile zile za tairi tunazoelea nazo Coco Beach, na kuelea kutwa nzima huku kiboksi cha vinywaji kikifuata kwa kamba. Makopo yalijaa mtoni hadi Novemba 2011 wakazi wakapiga kura kupiga marufuku vyombo vya kutupa, na ikafuata kesi ya miaka. Mimi, ambaye kuogelea sijui, kaka alinipandisha kwenye tyubu akasema, "Tulia tu, mto unajua njia." Tukafika kwenye mfereji wa zege pale bwawani, unapoteremka kwa kasi. Miguu juu, kichwa chini, nikanywa Comal kama mgonjwa wa dripu. Kijana mmoja wa uokoaji alinivuta kwa ukosi. Kaka alicheka hadi akakaa chini.

Ni mama mmoja wa makamo, aliyeniazima taulo pale ukingoni, aliyeniharibia starehe. Nilimsifia mto wao. Akaniambia baba yake aliuona ukikauka. Nikadhani ni chumvi za wazee, lakini si chumvi. Kwenye ukame wa miaka ya 1950, mwaka 1956, chemchemi zile zilisimama siku 144. Samaki wadogo waliokuwa wakiishi mle walitoweka, na miaka ya 1970 ikabidi waletwe wengine kutoka mto wa jirani. Sababu ni kwamba maji ya Comal ni ya hifadhi kubwa ya chini ya ardhi, Edwards, ambayo San Antonio nzima nayo inachota. Jua likiwaka na pampu zikinguruma, chemchemi inashuka. Ilibidi kesi ya kuwatetea samaki hao hao ifike mahakamani ndipo, mwaka 1993, ikatungwa sheria ya kuweka mamlaka ya kuwapimia watu uchotaji.

Na watu wenyewe wanamiminika. Sensa ya 1990 iliwakuta 27,334. Mwaka 2010 walikuwa 57,740. Mwaka 2020, 90,403. Mitaa ya nyumba mpya inaota kwenye malisho ya ng'ombe, zote rangi moja, kila moja na bomba lake. Jioni ile kaka alinipeleka kuona ya kwake. Ilikuwa na nyasi za kijani mbele, na kinyunyizio kinazunguka taratibu. Nilitaka kumweleza habari ya 1956. Nikamtazama alivyokuwa anapapasa ukuta wa jiko, kama mtu anayepima kitambaa cha suti.

"Nunua," nikamwambia.

Kiwanja cha Nkuhungu kikauzwa.

Kiangazi cha 2022 na cha 2023 Texas iliungua. Kaka akapiga simu saa zake zile zile: baadhi ya vijito vya Landa Park vimekauka, kumwagilia bustani ni kwa zamu, nyasi zimekuwa rangi ya mkate. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Bomba la ndani linatoa, alisema, ila tyubu sasa unasukuma kwa mikono.

Halafu ikaja Julai 4, 2025. Guadalupe ulifurika usiku huko juu, wilaya ya Kerr, ukaua zaidi ya watu 100, wakiwamo watoto waliokuwa kambini. Kati ya Kerr na mji wa kaka kuna bwawa kubwa, Canyon, naye alikuwa salama. Lakini mama mdogo aliona picha kwenye taarifa ya habari, akasikia jina la mto, akanipigia mimi, si yeye, maana ni mimi niliyekwenda kuangalia.

"Hebu niambie," akasema, "huo mto wenu unakauka au unajaa?"

"Vyote viwili, mama."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kuwa aliyenunua kile kiwanja ameshapaua.