Kunguni Naye ni Msafiri



Wazee walinena, Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walisema kwa fumbo, kutuonya tusihukumu mambo ya nyumba ya mtu tusiyoyajua. Lakini leo twataka kuutwaa usemi huu kwa maana yake ya wazi, kwa ajili yenu mnaosafiri: waalimu mwendao mikutanoni, akina mama wa kanisa, na wazazi mpelekao watoto katika shule za bweni.

Mkoa wetu wa Songwe, uliokatwa katika Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, ni nchi ya njia. Mji wa Tunduma uko mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Tangu mwaka 2019 kazi ya forodha ya nchi hizo mbili hufanywa pamoja ili watu wasikawie. Hata hivyo wengi hulala Tunduma, na nyumba za wageni ni nyingi. Kitanda kimoja chaweza kulaliwa Jumatatu na mtu wa Lubumbashi, Jumanne na mtu wa Lusaka, na Jumatano na mtu wa Vwawa.

Basi, kunguni hana mabawa, wala haruki kama kiroboto, hutambaa tu. Akienda mbali, ni sisi tumchukuao, katika mkunjo wa begi, au mshono wa koti, au blanketi. Yeye naye ni msafiri, ila halipi nauli. Tena hatafuti uchafu, hutafuta damu. Joto la mwili na pumzi zetu ndizo zimvutazo. Vitu vilivyorundikana humpa maficho tu. Kwa hiyo hata nyumba ifagiliwayo kila siku yaweza kumpata, wala haifai kumcheka mtu kwa ajili yake.

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, mwili wake ni bapa, rangi yake ya hudhurungi. Akishiba huvimba na kuwa mwekundu. Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake yaweza kupita 200. Tena aweza kukaa miezi bila chakula, hata chumba kilichofungwa siku nyingi si salama. Wataalamu hawakuona kwamba hueneza ugonjwa kama mbu aenezavyo malaria. Lakini huondoa usingizi, na kucha zikikuna huleta vidonda. Mwalimu akimwona mtoto asinziaye darasani kila siku, asiharakishe kumwita mvivu. Na aulize kwanza habari za kitanda chake.

Sasa, mwendapo safarini, fanyeni hivi. Mkiingia chumbani msitupe mizigo kitandani; iwekeni juu ya meza au kiti kilicho mbali na ukuta. Kisha twaeni tochi, au taa ya simu, mkafunue shuka. Tazameni mishono ya godoro, hasa pembe za upande wa kichwani. Tazameni chaga, nyufa za mbao, na pindo za chandarua. Mkiona vidoa vyeusi kama nukta za wino, au magamba makavu, au mayai meupe madogo sana, jueni ya kuwa mwenye chumba yumo. Dakika 5 zatosha.

Wengine wakiona hayo hunyamaza kwa haya, wakaondoka alfajiri. Jambo hili si upendo, maana kesho atalala hapo mama mwenye mtoto mchanga. Sisi tulipoona vidoa hivyo katika nyumba moja ya wageni huko Tunduma, tulimwita kando binti mtumishi, tukamwonyesha. Alitupa chumba kingine, tukakikagua, kilikuwa safi. Lakini alitusihi tusimwambie bwana wake, maana angemkata mshahara kwa kudhani hakufagia. Asubuhi tulikwenda pamoja naye kwa mwenye nyumba, tukamweleza kwamba ufagio haumtoi kunguni, wala si binti aliyemleta, bali mizigo ya wageni. Alitusikiliza, akaamuru kitanda kitolewe nje na chaga zimwagiwe maji yachemkayo. Kusema ukweli kwa upole kulimfaa binti yule kuliko kunyamaza kwetu.

Mkirudi nyumbani, fungueni begi uani, si chumbani. Nguo zote, hata zisizovaliwa, zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60, yaani moto usiovumilika kwa mkono. Zisizofulika hivyo zipigwe pasi ya moto. Kuanika godoro peke yake hakutoshi katika baridi ya milima yetu, maana kunguni hukimbilia upande wa kivuli.

Tena twawaonya kwa nguvu juu ya sumu. Hapa Mbozi penye kahawa, chupa ya dawa ya shamba haiko mbali, na mtu aliyekosa usingizi hushawishika kuinyunyiza kitandani. Msifanye hivyo kamwe! Dawa ya kahawa iacheni kwenye kahawa. Godoro ni mahali mtoto awekapo pua yake usiku kucha. Mafuta ya taa nayo huwaka. Hata dawa zifaazo zaweza kushindwa: mwaka 2002 wataalamu waliandika habari za vijiji vya Tanzania ambako vyandarua vyenye dawa viliwaondoa kunguni kwanza, kisha wakarudi wakiwa wameizoea. Maji ya moto hawayazoei.

Msamaria yule mwema alimpeleka majeruhi katika nyumba ya wageni, akamlipia. Kazi ya kulaza wageni ina heshima tangu kale. Basi tuwasaidie waifanyao, nasi tuangalie tusiwapelekee wenzetu mgeni asiyealikwa. Mungu awalinde njiani, awape usingizi mwema.